“Kwa Maoni Yangu” Ina Vihusishi Vingapi kwa Kiingereza?

BARUA

Shikamoo, Mwalimu.

Mimi ni dada wa miaka 29, nimeajiriwa katika kampuni ya uwakala wa forodha hapa Tanga, na ninakuandikia kwa sababu ya vihusishi vya Kiingereza (vijineno kama “in”, “on” na “from”) ambavyo vimeninyima raha kwa wiki tatu sasa. Nilisoma shule ya msingi kwa Kiswahili na sekondari kwa Kiingereza, kama wengi wetu. Hati za mizigo nazisoma bila shida na hesabu za ushuru hazinitishi. Kinachonishinda ni pale ninapotakiwa kuandika mimi mwenyewe naonaje.

Mwezi uliopita kontena la mteja wetu lilichelewa kutoka bandarini kwa siku tisa, ukazuka ubishi kuhusu nani alipe demareji, yaani tozo ya ucheleweshaji. Meneja aliniagiza niandike aya fupi kwa Kiingereza, nitoe maoni yangu, naye aiambatishe kwenye barua ya kwenda kwa mteja. Nikaandika hivi, na ninakunukulia kama ilivyokuwa:

“According to me, the shipping line should pay. On my opinion, we did everything in time. In my side, I discussed about this matter with our driver, and in my mind the delay was not ours.”

Karatasi ilirudi ikiwa na miduara mitano ya wino mwekundu: kwenye “according to”, kwenye “on”, kwenye “in” ya “my side”, kwenye “about” na kwenye “in” ya “my mind”. Chini yake palikuwa na neno moja tu, “Rudia”, bila maelezo yoyote.

Niliwauliza wenzangu, nikazidi kuchanganyikiwa. Mmoja aliyekulia Nairobi aliniambia niandike “from my side”, kwamba kwao ndivyo watu wanavyoandika kila siku. Mwingine, ambaye alisoma Bujumbura kwa Kifaransa, aliapa kwamba “according to me” haina kasoro hata kidogo. Simu yangu ilinipendekezea “in my opinion”, lakini simu haielezi sababu. Mwishowe niliiandika “in my opinion” mara nne katika aya moja ili nisikosee popote, na meneja akacheka mbele ya watu akisema nimegeuka kasuku.

Naomba unisaidie kwa mambo matatu. Je, iko kanuni ya kuchagua vihusishi hivi? Je, ni Kiswahili changu kinachonipotosha? Na nifanyeje katika vikao? Kikao chetu cha Jumatatu huendeshwa kwa Kiingereza kwa sababu ya wageni wawili, na tangu siku ile nikiulizwa naonaje, ninajibu “It is okay” na kunyamaza, hata pale ambapo jambo lenyewe siliafiki kabisa.

Wako mtiifu,
Mwenye Kalamu Nzito, Tanga


JIBU

Marahaba, mwanangu.

Nimeisoma aya yako mara tatu, na nianze kwa kusema kwamba hakuna mteja ambaye angeshindwa kuielewa. Meneja wako ana haki ya kutaka barua ya kampuni itoke ikiwa safi, lakini mtu anayezungushia makosa wino mwekundu bila kuandika hata mstari mmoja wa sababu amefanya nusu ya kazi, na nusu iliyobaki ndiyo uliyoniletea mimi.

Nitaanza na swali lako la pili, kwa kuwa jibu lake ndilo litakalofungua la kwanza. Kiswahili kimo katika jambo hili, ingawa hakina hatia. Chukua safari ya kawaida kabisa: umekwenda kwa bibi, kwa basi, kwa saa mbili, kwa sababu ya msiba, na mlipofika mkazungumza kwa Kibondei. Umetumia “kwa” mara tano katika sentensi moja na hakuna msikilizaji aliyepata taabu. Mwingereza katika safari hiyohiyo atabadili kihusishi kila hatua: atasema “to” kwa bibi, “by” kwa basi, “for” kwa saa mbili, “because of” kwa msiba, na “in” kwa Kibondei. Hata pale tunapotumia kiambishi “-ni”, mambo ni hayohayo, kwa maana niko nyumbani, nakwenda nyumbani na natoka nyumbani, na nyumbani haibadiliki hata herufi moja. Kitenzi ndicho kinachobeba mwelekeo. Mtu aliyelelewa na lugha ya namna hii hana mazoea ya kusimama mbele ya kila nomino na kuiuliza inataka kihusishi gani. Anapofika kwenye “kwa maoni yangu”, “kwa mtazamo wangu” na “kwa upande wangu”, anaona “kwa” moja, anaitafutia mwenzake mmoja wa Kiingereza, naye hayupo.

Sasa swali la kanuni. Kanuni moja inayoenea kote haipo, na atakayekuuzia moja kwa bei yoyote amekudanganya. Hata hivyo, iko tabia ambayo tayari unayo bila kuijua. Mgeni anayejifunza Kiswahili hukesha akijiuliza kwa nini kiti ni changu, meza ni yangu na jiwe ni langu, wakati wewe hukupata kuuliza. Kiti kilikuja kwako utotoni kikiwa na “ch-” yake, na leo mtu akisema “kiti yangu” sikio lako linashtuka kabla akili haijakumbuka ngeli. Nomino za Kiingereza za kutolea maoni zichukue vivyo hivyo, kana kwamba kila moja ina ngeli yake ya siri. Usijifunze “opinion” peke yake kisha ukaanza kuitafutia kihusishi siku ya kuandika barua. Jifunze “in my opinion” kama neno moja refu.

“Opinion” huchukua “in”, si “on”, si “at”, si “by”. “View” nayo huchukua “in”: “in my view”. Lakini “point of view” huchukua “from”, na hapa ipo sababu inayoonekana kwa macho, kwa kuwa maneno hayo yanataja mahali anaposimama mtu anapotazama jambo, na mtu hutazama kutoka mahali. “Perspective” ni ndugu yake, nayo husema “from my perspective”. Nakiri kwamba mimi mwenyewe niliandika “in my point of view” ubaoni kwa miaka, mpaka kijana mmoja wa kidato cha pili aliponiuliza kwa adabu sana kama mtu anaweza kutazama dunia akiwa ndani ya nukta. Darasa lilicheka, nami nilifuta ubao, na tangu siku hiyo sijakosea.

Ukipenda kujua, mambo haya ya kuona yamo katika lugha nyingi. Maoni yetu yanatokana na “kuona”. Rai, ambayo sisi watu wa pwani tunaitumia sana, imetoka kwenye Kiarabu, na shina lake huko ni lile la kuona, kama ambavyo “view” ya Kiingereza ilivyotokana na neno la Kifaransa la kuona. Tena Mwarabu husema “fi raayi”, yaani ndani ya rai yangu, akakubaliana na Mwingereza neno kwa neno. Kama jirani yako wa Tanga amepitia madrasa na anajua maana ya “fi”, mwambie “in my opinion” anayo tayari.

Nije kwenye “according to me”, ambayo ndiyo iliyofungua aya yako. Hapa Kiswahili kinakusaidia, ukikiuliza vizuri. “According to” haina undugu na “kwa maoni”. Jamaa yake ni “kwa mujibu wa”. Tunasema kwa mujibu wa mkataba, kwa mujibu wa sheria, kwa mujibu wa taarifa ya polisi, kila mara tukielekeza kidole kwenye chanzo kilicho nje ya msemaji. Ukisema “kwa mujibu wangu mimi”, umejigeuza hati inayonukuliwa na wewe mwenyewe. Mzungumzaji wa Kiingereza akisoma “according to me” husikia kitu kama hicho, ama anadhani unatania. Mwenzako aliyesoma Bujumbura hakusema uongo, maana Mfaransa husema “selon moi” na “d'après moi” bila mtu kumshangaa. Kosa ni kulivusha neno la Kifaransa mpaka kwenye Kiingereza likiwa na mzigo wake wote. Wapo wengi kama yeye maofisini siku hizi, hasa tangu Burundi na Rwanda zijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na ni watu wenye Kiingereza kizuri ambao hukwama mahali hapohapo.

Neno linalohitaji subira kuliko yote ni “mind”, kwa sababu hilo hukubali vihusishi vitatu na kila kimoja hubadili maana. “To my mind” ni kutoa maoni: “To my mind, the driver was not at fault”, yaani mimi naona dereva hakuwa na kosa. “In my mind” ni yanayopita kichwani, picha au kumbukumbu ambayo wengine hawaioni: “In my mind, I could already see the ship leaving.” “On my mind” ni jambo lililokukaa moyoni likakunyima usingizi: “That container has been on my mind all week.” Wewe uliandika “in my mind the delay was not ours”, na msomaji mkali anaweza kuelewa kwamba ucheleweshaji haukuwa wenu katika mawazo yako tu, huku ukweli wa mambo bandarini ukiwa mwingine. Mteja anayetafuta sababu ya kutolipa angeifurahia sana sentensi hiyo. Katika miduara yote mitano, huu ndio uliokuwa na hasara ya pesa ndani yake.

Kuhusu “side”, mwenzako wa Nairobi ana nusu ya ukweli. “From my side” utaikuta katika barua pepe nyingi za ofisini, Nairobi na Dar es Salaam pia, na anayeisoma huelewa. Katika barua ya kampuni inayokwenda kwa mtu usiyemjua, ningependelea “for my part”, ambayo ndiyo “kwa upande wangu” tunayoanza nayo sentensi: “For my part, I see no reason to pay.” Iangalie isichanganywe na “on my part”, kwa kuwa hiyo hufuata tendo na kutaja aliyelifanya, kama katika “a mistake on my part”, yaani kosa lililotoka kwangu. “On my side” ni jambo jingine kabisa: “The manager is on my side” maana yake meneja ananiunga mkono, na kwa hali uliyoieleza nadhani si sentensi utakayoihitaji wiki hii.

Mduara wa “about” ni mwepisi. “Discuss” haitaki kihusishi, kwa sababu “kuhusu” imeshamezwa na kitenzi chenyewe, kama ilivyo kwa “kujadili” na “kuzungumzia”. Hatusemi “tumejadili juu ya bajeti” tukiwa makini; tunasema tumejadili bajeti. Nasema tukiwa makini, maana “kuzungumzia kuhusu” naisikia redioni karibu kila asubuhi, na ni kosa lilelile likiwa limevaa kanzu ya Kiswahili.

Sasa nikuonyeshe ambalo kalamu nyekundu haikuliona. Uliandika “we did everything in time”. Wewe ulimaanisha kwa wakati uliopangwa, na hiyo ni “on time”. “In time” ni kuwahi kabla jambo halijaharibika, kama mtu aliyefika bandarini dakika chache kabla ya geti kufungwa. Tazama tena: “kwa wakati” yetu ni moja, yao ni mbili.

Lipo pia la sarufi ambalo wewe umeliepuka lakini wasomaji wengi hawaliepuki, nalo ni wingi. Maoni kwetu huwa hatuyatumii katika umoja. Hakuna anayetoa “oni” moja. Kwa hiyo mtu huandika “in my opinions” akidhani anafuata hesabu, ilhali Mwingereza, hata akiwa na maoni kumi, husema “in my opinion”. Vilevile haifai kusema “in my opinion, I think that”, kwa sababu moja kati ya hayo mawili inatosha. Katika Kiswahili cha kuzungumza tunaweza kusema “mimi kwa maoni yangu naona” na ikawa ni adabu ya kujishusha mbele ya wakubwa; katika Kiingereza cha maandishi husomeka kama mtu aliyesahau kwamba ameshaanza.

Baada ya nomino vilevile kuna uchaguzi. Ukimpima mtu au kitu ubora wake, “opinion” hufuatwa na “of”: “What is your opinion of the new clerk?” Likiwa ni jambo la kujadiliwa, hufuatwa na “on” au “about”: “your opinion on the new charges”. Pengine ndipo ile “on” yako ilipotokea, maana ulikuwa umeisikia karibu na “opinion” ukaiweka mbele badala ya nyuma.

Hapa ndipo ninapokuja kwenye jambo ambalo hukuliuliza, nalo linanisumbua kuliko vihusishi. Ulisema “On my opinion, we did everything”. Je, hayo ni maoni? Gari lilifika getini saa fulani, tarehe fulani. Ama liliandikwa kwenye daftari la geti, ama halikuandikwa. Ukilitanguliza tukio na “in my opinion”, hata kama kihusishi kimenyooka, umeligeuza kuwa jambo la kubishaniwa. Maoni uliyokuwa nayo kwa haki katika aya ile yalikuwa mawili tu: kwamba kosa halikuwa lenu, na kwamba kampuni ya meli ndiyo inayostahili kulipa. Yaliyobaki ni ushahidi, na ushahidi ndio unaotaka “according to”, ikifuatwa na jina la hati. Ndiyo maana ulipoijaza aya “in my opinion” mara nne ilisikika vibaya. Meneja alikosea kukucheka mbele ya watu, lakini sikio lake halikumdanganya.

Kwa vikao vya Jumatatu nitakupa dawa fupi. Mdomoni huhitaji kihusishi hata kimoja ili kutoa maoni. “I think”, “I believe” na “I would say” hazina “in” wala “on” wala “from”, na hata wale waliozaliwa na lugha hiyo ndizo wanazozitumia kutwa. “To my mind” huwa wanaiacha kwa siku wanapotaka kusikika wamesoma. Ukitaka kupinga kwa heshima, sema “I see it differently”, kisha toa sababu yako. Ukikubali, kumbuka kwamba mtu au wazo hukubaliwa kwa “with”, kama “na” yetu katika “nakubaliana na wewe”. Pendekezo au masharti hukubaliwa kwa “to”, “The client agreed to our terms”. Na jambo ambalo pande mbili zimeafikiana huchukua “on”, “We agreed on a date”. Jiepushe kwa sasa na “as far as I am concerned”. Ni Kiingereza sahihi, ila mara nyingi husikika kama mtu anayesema wengine wafikirie wanavyotaka, na hiyo si sauti ya kumpelekea mteja ambaye bado hajalipa.

Na ile “It is okay” yako iache, mwanangu. Wageni wawili hao wanaandika kwenye muhtasari kwamba umekubali, na mwezi ujao utaulizwa kwa nini ulikubali.

Nyumbani, tenga daftari dogo. Kila unapokutana na msemo wa kutolea maoni katika barua ya mtu anayeandika vizuri, unakili ukiwa mzima, kihusishi kikiwa ndani, pamoja na sentensi uliyoukuta. Tumia pia kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza iliyotengenezwa kwa ajili ya wanafunzi, kwa sababu hizo huonyesha nomino pamoja na vihusishi vyake, jambo ambalo kamusi ndogo ya lugha mbili mara nyingi haina nafasi nalo. Sikushauri uandike zaidi ya msemo mmoja kwa siku. Nimewaona wengi wanaonakili hamsini kwa usiku mmoja, na Jumatatu wanarudi na “on my opinion”.

Aya yako ningeiandika hivi:

“According to the gate record, our lorry reached the port on time. I have also discussed the matter with our driver. To my mind, the delay was not ours and, for that reason, the shipping line should pay.”

Utaona kwamba ushahidi umetangulia na maoni yamefuata, na kwamba “in my opinion” haikuhitajika hata mara moja. Kabla hujampelekea meneja, nenda getini ukaombe nakala ya ukurasa wa siku hiyo uiambatishe, kwa sababu mteja ataanza kuipinga sentensi ya kwanza, na sentensi hiyo haina kosa la Kiingereza la kumpa pa kushika.